Watumishi Walijua

Dominika ya Pili ya Mwaka, Mwaka C. Injili: Yoh 2:1-11



Katika Injili ya leo Mwinjili Yohane anatupeleka harusini, huko Kana ya Galilaya. Habari yenyewe twaijua tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Divai imekwisha, Mama Maria ameliona jambo hilo kabla ya wengine, akamweleza Mwanae, kisha akawaagiza watumishi wamtii kwa lolote. Maji yakawa divai. Mara nyingi sisi wahubiri hufika hapo, tukamsifu Mama, tukawaombea wanandoa, tukaketi. Leo tunaomba ruhusa yenu tukae juu ya aya moja ambayo sisi wenyewe tuliipita kwa miaka mingi bila kuiona. Mwinjili anatuambia kwamba mkuu wa karamu aliyaonja yale maji yaliyogeuka, akaisifu divai, asijue imetoka wapi. Watumishi walioyateka yale maji, hao walijua.

Aya hiyo ilitukamata mwezi wa Agosti uliopita, tukiwa ugenini Dodoma, glasi i mkononi. Yatupasa kueleza tulifikaje huko, maana wapo waumini waliotusema, wakiuliza ni tangu lini paroko akawachukua makatekista kwenda kuonja mvinyo.

Chanzo kilikuwa swali. Katika semina ya makatekista wa dekania yetu, mmoja wao aliuliza hivi: ikiwa divai ya Misa imekwisha kigangoni, na padre amekwisha kuwasili, je, yafaa kukimbia dukani na kununua ile waini ya rozela, kwa kuwa nayo ni nyekundu na chupa yake imeandikwa waini? Wenzake walicheka. Sisi hatukuweza kucheka, kwa sababu tulipokuwa tukitafuta maneno ya kumjibu tulitambua neno la kutuaibisha: tumeinua kalisi kwa zaidi ya miaka 25, na hatujapata hata mara moja kuushika mzabibu kwa mkono. Kanuni tulizijua kwa moyo. Mti wenyewe hatukuujua. Basi tukachangishana nauli kwa muda wa miezi minne, tukaondoka makatekista 14 na padre mmoja.

Kutoka Morogoro hadi Dodoma ni mwendo wa kilometa kama 260. Wengi siku hizi huupita kwa treni ya umeme iliyoanza kufika huko mwaka 2024. Sisi tulikwenda kwa basi dogo la kukodi, na hatukujuta, maana mwendo wa polepole ulitupa nafasi ya kuiona nchi ikibadilika. Ukishapita Gairo, kijani kinaanza kukuaga. Kufikia Kibaigwa nchi imekuwa tambarare, mibuyu imesimama peke yake, na vumbi linakufuata kama mtoto. Mvua ya Dodoma ni kiasi cha milimita 500 hadi 600 tu kwa mwaka, nayo hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni jua na upepo. Mmoja wetu, mtu wa milima ya Uluguru aliyezoea migomba na ukungu, aliuliza kwa sauti kama kweli kuna kitu kinachoota hapa.

Kinaota, wapendwa. Ukame uleule unaoyakausha mahindi ndio unaoufaa mzabibu, kwa kuwa hewa kavu hupunguza magonjwa ya ukungu, na jua kali hukusanya sukari katika tunda. Tena mizabibu ile ina undugu na Kanisa. Ni wamisionari Wakatoliki walioipanda Bihawana mwaka 1957, kando ya barabara iendayo Iringa, na kutoka pale ikaenea katika mashamba ya Wagogo, mpaka leo kuna kituo cha utafiti wa zao hilo huko Makutupora, na aina ya zabibu nyekundu yenye jina hilohilo. Jambo hilo si geni katika historia ya Kanisa. Huko Burgundy, nchini Ufaransa, wamonaki Wasistersiani waliilima mizabibu ya Clos de Vougeot tangu karne ya 12, na hata leo wasafiri hufika kutazama mashinikizo yao makubwa ya mbao. Watu wa dunia wamefanya ziara kama hizo kuwa burudani: hutembea katikati ya mistari ya mizabibu, hushuka ghalani, huonja, hununua chupa, huenda zao. Hatuwalaumu. Nasi tulikwenda namna hiyohiyo, ila ratiba yetu ilianza na Misa.

Shambani, upande wa Mpunguzi, tulipokewa na mama mmoja wa makamo mwenye eka moja na nusu. Alitusalimu kwa Kigogo, Mbukwenyi, akatupa kila mmoja mkasi, bila kuuliza nani padre na nani katekista. Ilikuwa siku ya kuvuna, saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijavipasha moto vichala. Alituonyesha namna ya kukishika kichala kwa mkono wa kushoto kama unavyoshika kichwa cha mtoto mchanga, ukakata kikonyo kwa mkono wa kulia, ukakilaza ndani ya kreti pasipo kukitupa. Baada ya nusu saa migongo yetu ilikuwa ikituuma. Yeye aliendelea huku akizungumza.

Tulimwuliza huvuna mara ngapi. Akajibu: mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tatu hivi na mwezi wa nane hivi. Hapo tukastaajabu, kwa kuwa tulisoma kwamba Ulaya huvuna mara moja. Akacheka. Katika nchi za baridi, majira yenyewe huulaza mzabibu. Majani hupukutika, mti hulala usingizi mzito, kisha joto likirudi huamka. Dodoma haina majira hayo. Mzabibu ukiachwa utaendelea kutoa majani na kamba ndefu, wala hautajua lini uzae.

"Hapa baridi yake ni mkasi wangu," alisema yule mama. "Nikishaupogoa ndipo unajua msimu umekwisha, unaanza upya. Nisipoukata utanipa kivuli tu."

Akatueleza kwamba siku ya kupogoa mti hutoa maji pale ulipokatwa, tone baada ya tone, na kwamba alipokuwa binti alidhani ameuua. Kutoka siku hiyo ya mkasi huhesabu kiasi cha miezi minne hadi zabibu kuiva.

Tumelihubiri fumbo la mzabibu na matawi mara nyingi kupita tunavyoweza kuhesabu, jinsi Bwana alivyomlinganisha Baba yake na mkulima anayelisafisha kila tawi lizaalo. Tunakiri kwamba karibu kila mara tulihubiri mkasi kama adhabu: ugonjwa, kufiwa, kufukuzwa kazi. Mama yule hakuwa akiuadhibu mti. Alikuwa akiupa majira ambayo nchi yake haikuupa.

Lakini hakutuficha upande mwingine. Msimu uliotangulia mnunuzi aliahidi lori, na lori halikuja. Zabibu haina subira kama mahindi. Huwezi kuianika darini ungoje bei. Kila siku inayopita juu ya mti, nyuki na ndege wanapata chao, na ikishakatwa inaanza kuharibika. Alingoja siku tisa. Mwisho aliziuza kwa wachuuzi wa mchuzi wa zabibu, kwa bei ambayo hata gharama ya dawa na vibarua haikurudi, na sehemu nyingine ilimwagwa. Mtoto wake mmoja alikaa nyumbani muhula mzima. Nabii Isaya anamwonyesha Mungu akililia shamba lake la mizabibu kwa sababu lilizaa zabibu chungu. Shamba la mama huyu lilizaa tamu, na bado akalia.

Mchana tulikwenda kiwandani. Hapo tutapita upesi, maana wenye kujua zaidi wapo. Zabibu hupimwa uzito, huondolewa vikonyo, huminywa. Tulishangaa kuona kwamba maji ya zabibu nyingi nyekundu hayana rangi. Wekundu u katika ganda. Kwa divai nyekundu maganda huachwa yachachuke pamoja na maji yake siku kadhaa. Kwa divai nyeupe hutenganishwa mapema. Hamira huila sukari na kuigeuza kuwa kilevi na hewa ya ukaa, na hewa hiyo ikijaa ndani ya tangi humwua mtu kimya kimya, hata mfanyakazi haruhusiwi kuingia kusafisha kabla halijapepewa na kupimwa. Hilo nalo hatukulijua: kwamba yupo mtu anayehatarisha pumzi yake kwa ajili ya kile tunachomimina katika kalisi.

Kisha tukaketi mezani kuonja. Kijana aliyetuongoza alitufundisha kwa adabu nyingi. Kwanza macho: inamisha glasi mbele ya kitambaa cheupe utazame rangi. Halafu pua. Ndipo ulimi, kidogo tu, ukikizungusha kinywani. Mwisho, alisema, unatema katika ndoo hii. Makatekista wakatazamana. Kwetu, kukitema ulichokaribishwa ni tusi kwa mwenye nyumba. Mzee mmoja aliamua kumeza kwa heshima ya wenyeji, akaendelea kuwa na heshima hiyo hadi glasi ya tano, ikabidi tumsogezee mkate.

Na hapo ndipo tulipokosa, wapendwa, na tunalisema kosa hilo hewani kwa idhini ya yule tuliyemkosea, ambaye jina lake hatulitaji. Katekista mmoja alikuwa ameisukuma glasi yake katikati ya meza. Sisi, tukiwa wachangamfu na tukijiona wenyeji wa shughuli, tulimwambia mbele ya wote kwamba kuonja si kunywa, kwamba hata Mtume Paulo alimshauri Timoteo atumie divai kidogo, na kwamba asiwaaibishe waliotukaribisha. Tulimsihi mara mbili. Mara ya tatu aliinuka kidogo, akasema kwa sauti ya chini:

"Padre, unisamehe. Nina miaka kumi na moja sijagusa. Hiki kidogo kikipita hapa kooni, mke wangu ataanza tena kulala kwa majirani."

Meza yote ilinyamaza. Mtu huyo amefundisha nasi kwa miaka sita. Tumekula nyumbani kwake. Tumemsifu mara nyingi kwa utulivu wa familia yake, tukila matunda hayo na kuyasifu, bila kujua yalitoka wapi. Mkewe alijua. Watoto wake wakubwa walijua. Majirani waliofungua mlango usiku wa manane walijua. Sisi tulikuwa tumekaa mahali pa mkuu wa karamu.

Yule kijana wa kiwanda alikuwa na hekima kuliko sisi. Hakusema neno. Aliiondoa ile glasi, akaenda, akarudi na maji ya zabibu yaliyominywa asubuhi ileile. Katekista wetu akayainamisha mbele ya kitambaa, akayanusa kwa utaratibu wote kama tulivyofundishwa, kisha akauliza kama yakiachwa yatachachuka yenyewe. Akaambiwa, kufikia kesho yataanza. "Basi tuyanywe kabla hayajabadili nia," akasema, na hapo ndipo watu wakapata kucheka tena.

Katika safari ya kurudi alikaa karibu nasi akauliza jambo lililokuwa likimsumbua tangu zamani. Katika sherehe za jubilei, Komunyo inapotolewa katika maumbo mawili, yeye huipita kalisi na kurudi mahali pake, na amewahi kusikia watu wakinong'ona kwamba katekista anaidharau Damu ya Bwana. Tunapenda ninyi nyote msikie jibu tulilompa. Kanisa linafundisha kwamba Kristo mzima, Mwili na Damu, Nafsi na Umungu, yumo katika umbo la mkate peke yake, na vilevile katika umbo la divai peke yake. Anayepokea Hostia hakupungukiwa na kitu. Wala hadaiwi maelezo na mtu. Hata kwa mapadre wenye udhaifu huo upo utaratibu: kwa barua ya mwaka 2003 Vatikani ilieleza kwamba mkubwa wa Kanisa mahalia aweza kumruhusu padre kutumia mustum, yaani maji ya zabibu ambayo kuchachuka kwake kumesimamishwa pasipo kuibadilisha asili yake. Ikiwa Mama Kanisa amefikiri kwa upole namna hiyo juu ya padre, je, sisi tutamhukumu muumini anayeipita kalisi akiwa ameinamisha kichwa? Na ninyi wahudumu wa Komunyo, msimlazimishe mtu, wala kwa neno wala kwa jicho.

Na lile swali la rozela? Hatukulisahau. Kanuni ya 924 ya Sheria za Kanisa yadai divai ya asili, itokanayo na tunda la mzabibu, isiyoharibika, nayo huchanganywa na maji kidogo sana. Maagizo ya mwaka 2004 yalikazia kwamba divai yenye mashaka juu ya asili yake isitumike, na barua ya mwaka 2017 ikawakumbusha maaskofu juu ya wajibu wao wa kusimamia jambo hilo, kwa kuwa siku hizi mkate na divai huuzwa hata katika maduka makubwa. Basi rozela hapana, nanasi hapana, ndizi hapana, hata kama kinywaji hicho ni kizuri mezani na kimetengenezwa na kikundi cha akina mama wa parokia. Si dharau kwa kazi yao. Ikiwa divai ya kweli haipo, Misa ingoje, na watu wasali Liturujia ya Neno pamoja na katekista wao. Katekista asome karatasi ya chupa kabla ya kuinunua, atazame kama imeongezwa sukari, ladha au kilevi kingine, na akiona shaka amwulize paroko. Paroko naye asikasirike kuulizwa.

Turudi Kana kabla muda haujatuishia. Mwinjili anasema palikuwa na mitungi sita ya mawe, kila mmoja ukichukua nzio mbili au tatu. Nzio moja ni kama lita 40. Fanyeni hesabu pamoja nasi: ni kati ya lita 480 na lita 720. Kwa ndoo zetu za lita 20 ni safari 24, au hata 36, kutoka kisimani hadi mitungini, katika nyumba yenye shughuli, wageni wakiimba ndani. Nao waliijaza hadi juu kabisa. Hakuna aliyewaambia kwa nini. Injili haitaji jina la hata mmoja wao. Mkuu wa karamu alipoonja akamwita bwana harusi, akampa sifa ambazo hazikuwa zake. Wale wa ndoo walikuwa wamesimama palepale, mikono bado ina maji.

Lipo jambo moja lililobaki. Siku ile shambani, tulipokuwa tukiagana, yule mama alituuliza kama divai tunayotumia Misani inatoka katika zabibu zao. Tulitaka kumjibu ndiyo, kwa kumfurahisha. Tukanyamaza, kwa kuwa kwa kweli hatukujua. Katika sala ya kutolea vipaji tunakiri kila siku kwamba divai ile imetokana na mzabibu na pia na jasho la watu, na hatujawahi kugeuza chupa tukatazama ni jasho la nani. Tulimwahidi kwamba tutatazama.

Tulifika nyumbani usiku, tukaenda sakristia kabla ya kulala. Chupa ilikuwa imetoka mbali sana, nchi ya ng'ambo, mahali penye theluji. Tulikaa nayo mkononi kwa muda. Juma lile tukampigia simu kama tulivyoahidi, tukamwambia ukweli, tukaongeza kwamba kamati yetu ya liturujia imekwisha kuandika kuulizia divai ya Dodoma inayokubalika na Kanisa, na kwamba jibu tutamletea. Alikuwa kimya kidogo upande wa pili.

"Na huko kwao," akauliza, "wanapogoa mara ngapi kwa mwaka?"

Tukamwambia mara moja, kwa sababu ya baridi.

"Basi wana bahati," akasema. "Wanapumzika."

Tumsifu Yesu Kristo.